Mashini iliyohesabiwa pamoja na bunduki

Mama mmoja aliyenieleza namna alivyokimbia kijiji chake aliniuliza: «Mwanangu, ukivuka mpaka na hiyo mashini, jina langu litabaki wapi?» Nilimwambia nimelifunga kwa programu inayogeuza maandishi kuwa alama zisizosomeka bila neno la siri. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Kufunga huko kuna historia yake, na inaanzia mbali, Marekani.

Kwa miaka mingi serikali ya Marekani iliweka programu za namna hiyo katika orodha moja na makombora na vifaru. Si kwa mchezo: Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeonyesha faida ya kusoma ujumbe wa adui. Kwa hiyo kutoa programu hiyo inje bila ruhusa kulikuwa sawa na kutoa silaha. Mwaka wa 1991 Phil Zimmermann akatengeneza PGP, akaitoa bure, nayo ikaenea dunia nzima kupitia intaneti. Kuanzia 1993 alichunguzwa karibu miaka mitatu, mpaka kesi ikaachwa mwezi wa kwanza 1996 bila yeye kushitakiwa.

Cha kuchekesha, sheria ilikataza programu ndani ya diski lakini haikukataza kitabu. Basi mwaka wa 1995 MIT Press ilichapisha PGP yote kwenye karatasi. Toleo lililofuata nalo lilivuka bahari likiwa vitabu, na mwaka wa 1997 watu zaidi ya 70 wa Ulaya wakaingiza ukurasa kwa ukurasa katika kompyuta zao.

Na msafiri wa kawaida? Matt Blaze, mtafiti wa AT&T, alitaka kusafiri kwenda Ulaya na chombo cha kuficha mazungumzo ya simu. Akaomba ruhusa ya muda ya kutoa silaha inje, akaipata. Mwaka wa 1995 alisimulia namna watu wa duani kwenye uwanja wa ndege hawakujua wafanye nini na karatasi zake. Mwezi wa pili 1996 sheria ikalegezwa kwa wasafiri: unaweza kwenda na programu yako kwa matumizi yako mwenyewe, mradi isiuzwe wala kunakiliwa kwa wengine. Mwisho wa mwaka huo kazi ikahamishwa kwa wizara ya biashara, na mwaka wa 2000 milango ikafunguliwa zaidi. Ufaransa, iliyokuwa kali kupita wengi, ililegeza mwaka wa 1999.

Mungedhani shida imeisha. Hapana, iligeuka tu. Zamani afisa aliuliza kama uko na kufuli. Leo anataka ufunguo. Mwezi wa kumi na moja 2016, Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa chama cha CAGE cha Uingereza, alisimamishwa Heathrow akitoka Qatar. Polisi walidai maneno ya siri ya simu na kompyuta yake. Alikataa, akisema humo kuna habari za mtu aliyeteswa. Mwaka wa 2017 mahakama ilimkuta na kosa, chini ya sheria ya kupambana na ugaidi, ingawa hakufungwa.

Mimi pia nimeulizwa. Ilikuwa kwenye mpaka mmoja, jioni, watu wamebaki wachache. Afisa alifungua begi, akawasha mashini, akaona inaomba neno la siri. «Andika,» akasema. Hakunipiga, hakunitisha. Alivuta kiti akakaa, akaningojea. Niliandika, juu nilikuwa na watoto nyumbani. Bahati, aliangalia picha za arusi ya dada yangu, akafunga.

Usiku ule sikulala. Kufuli ilikuwa nzuri. Aliyeifungua ni mimi.

Mama, jibu lako ni hili: mashini ninayovuka nayo sasa haina jina lako, wala la mtu mwingine yeyote aliyezungumza nami.