Kiokotwa

Kitu cha kawaida kilichogeuzwa sanamu tukiite nini? Mimi nasema kiokotwa, wingi viokotwa. Kitenzi kuokota kina bahati ndani yake: anayeokota dodo chini ya mwarobaini hakulitarajia. Msanii Robert Rauschenberg wa Marekani aliokota hivyo hivyo katika mitaa ya New York. Mwaka 1955 alimwaga rangi juu ya mto na mfarishi wa viraka, akavitundika ukutani kama picha, akaiita Bed, yaani kitanda. Lakini mbuzi wa kazi yake nyingine, Monogram, yule aliyekaushwa, tairi kiunoni, uso umepakwa rangi ovyo, hakuokotwa. Alinunuliwa kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Huyo, kwa Kiswahili chetu, ni mtumba.