Chuo cha Kurani na Mwanafunzi wa Mtandaoni: Tabia za Kusoma Kusini mwa Maniema

Ushauri anaopewa mwanafunzi wa mtandaoni ni uleule kila mahali: tafuta chumba kimya, panga ratiba ya saa, zima arifa za simu. Si ushauri mbaya, ila umetungwa kwa ajili ya mtu ambaye mtandao wake haukatiki. Kwa kijana wa Nyangwe au Kabambare, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, anayechaji simu kwa sola na kununua mega kidogo kidogo, ratiba hiyo huvunjika mapema. Hoja yangu ni kwamba tabia anazozihitaji ziko jirani naye zaidi katika chuo cha Kurani kuliko darasani.

Vyuo hivyo vililetwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani katika karne ya 19. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Nyangwe kutoka mikononi mwao Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Elimu ikaangukia mikononi mwa wamisionari, lakini chuo hakikufa. Ndani yake hakuna darasa la kwanza wala la pili: kila mtoto ana sura yake na mwendo wake. Huiandika aya ubaoni, huisoma kwa sauti mpaka imkae, kisha humsomea mwalimu. Akikosea, hurudi nayo. Ubao hauoshwi mpaka mwalimu aridhike.

Kanuni hiyo ya ubao ndiyo inayokosekana kwenye simu. Nafasi ni finyu, na video mpya haiingii mpaka ya zamani ifutwe. Basi mwanafunzi hufuta kwa kuwa nafasi imekwisha, si kwa kuwa ameelewa. Afadhali anakili muhtasari daftarini, aifunge simu, amweleze mwenzake kwa Kiswahili somo lililofundishwa kwa Kifaransa, ndipo afute. Hapo kwenye kuvuka lugha ndipo asiyeelewa hujulikana: mtu anaweza kuitamka sentensi nzima ya Kifaransa kuhusu usanisinuru bila kujua jani linafanya nini.

Nitaambiwa chuo hufunza kukariri tu. Kwa kiasi kikubwa ni kweli: Kurani huweza kukaririwa miaka kabla ya maana yake kufunzwa, na hesabu haivumilii hilo. Ninachokiazima ni utaratibu wa kusikilizwa. Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilirusha masomo kupitia kipindi cha Okapi École. Sauti ilifika kusikofika intaneti, lakini redio haimsikii mwanafunzi. Mtandao ungeweza kumsikia, ila swali lililotumwa kwa mwalimu wa mbali hukaa na kukaa bila jibu.

Chuoni tatizo hilo lilitatuliwa zamani: mwanafunzi mkubwa humsikiliza mdogo, mwalimu akabaki na waliotangulia. Vijana watatu wa Kasongo wanaotumia simu moja (hali tuliyozoea kuiita umaskini mtupu) tayari wana wa kusomeana. Kwa wasichana mambo ni magumu zaidi. Maji, kuni na mapishi huwamaliza jioni, saa ambayo wavulana hukutana. Zamu ya simu ikipangwa usiku, msichana hayumo, na kikundi hakitatambua kuwa hayumo. Kikundi kinachoanzishwa na kiamue kwanza zamu ya msichana itakuwa saa ngapi, kabla ya kujadili mega atanunua nani.