Pamba Safi, Pamba Fifi: Historia ya Kuchagua Nyuzi Mwanza

Nyuzi za Mwanza ni pamba. Ili kuwa uzi, unyuzi wa pamba hushikana na mwenzake kwa kusokotwa. Nyuzi fupi zikichanganyika ovyo na ndefu, uzi huwa dhaifu na hukatika kiwandani.

Wajerumani walianzisha kilimo cha pamba ya biashara kando ya Ziwa Victoria kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, hivyo marobota yalivushwa kwa meli hadi huko. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa mji, ndicho kilichoipa pamba hiyo tabia yake. Watafiti walichagua miche yenye vinyweleo vingi kwenye majani, kwa kuwa wadudu wa chawajani huikwepa, kisha wakatafuta inayostahimili magonjwa. Aina zilizopatikana zilibeba herufi za kituo: UK77, UK82, UK91. Kila eneo lilipewa mbegu yake ili nyuzi zisichanganyike.

Hata hivyo, uchaguzi ulio mgumu zaidi hufanywa na mkulima. Pamba ya Mwanza huchumwa kwa mkono, na mikono hiyo hiyo huitenga. Iliyofunguka vizuri, nyeupe na kavu, ni pamba safi, daraja A. Iliyotiwa madoa na wadudu wa kangambili, iliyonyeshewa au iliyoshika majani makavu ni pamba fifi, daraja B. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na sehemu kubwa huwaangukia wanawake na watoto. Sifa ya Mwanza ilisimama juu ya jasho lao.

Viwanda vya kuchambua navyo vilisaidia. Vingi vilitumia mashine za rola, zenye asili katika uvumbuzi wa Mmarekani Fones McCarthy wa mwaka 1840. Rola ya ngozi huvuta nyuzi taratibu na kuziacha mbegu nyuma ya kisu, ilhali mashine ya misumeno huenda kasi lakini hukata nyuzi. Wanunuzi wa Ulaya waliijua pamba hiyo kwa alama ya AR Mwanza: daraja A, ya rola.

Wakulima walilalamikia mizani ya wanunuzi binafsi. Chini ya uongozi wa Paul Bomani wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Ushirika ulinunua kwa madaraja mawili, kwa bei mbili.

Soko lilipofunguliwa tena kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, kampuni zilianza kugombania mzigo. Nyingi zililipa bei moja kwa pamba yote, na aliyetenga fifi akawa amejichosha bure. Maji na mchanga vikaingia kwenye magunia ili kuongeza uzito, na mbegu za maeneo mbalimbali zikachanganyika viwandani. Mkulima hakusahau kuchagua. Aliacha kulipwa kwa kuchagua. Bodi ya Pamba Tanzania na wanunuzi wanaotaka sifa ya AR Mwanza irudi hawana budi kuanzia kwenye mizani ya kijijini, kwa kulipa pamba safi bei iliyo juu ya fifi.