Nakala halisi iko wapi? Historia ya waraka katika bonde la Ruzizi

Lubarika iko katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, jirani na Luvungi. Mkazi wake akitaka kumwandikia mwami, yaani chifu, ombi la shamba, kupeleka ripoti ya ushirika au kukamilisha kazi ya mwisho ya masomo ya mwanawe, safari yake huishia sekretaria: kibanda chenye kompyuta, printa na rundo la karatasi, ambako kijana mwepesi wa vidole huchapa kwa malipo ya kila ukurasa. Kibanda hicho kimerithi kazi ya karani wa zamani. Kilichobadilika sana tangu enzi za karani ni mahali panapokaa nakala halisi.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, waraka rasmi ulitoka kwenye taipureta. Karani alikuwa mtu wa heshima; Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta huko Stanleyville kabla ya siasa kumchukua. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, mashine hazikufanana. Ile ya Uvira ilianza na herufi AZERTY kwa desturi ya Wabelgiji, na ile ya Kigoma ilianza na QWERTY kwa desturi ya Waingereza. Lakini zote zilifanya jambo moja: herufi iligonga karatasi papo hapo. Kuandika na kuchapa kulikuwa tendo moja, na kosa lilibaki palepale lilipoangukia.

Aliyetaka nakala alipachika karatasi ya kaboni, uvumbuzi ambao Mwingereza Ralph Wedgwood aliupatia hataza mwaka 1806. Ya juu ilikwenda kwa mkubwa, ya chini ikabaki kwenye jalada, na kadiri nakala zilivyoongezeka ndivyo ile ya mwisho ilivyofifia. Shule na parokia zilizohitaji nakala nyingi zilitumia stensili. Karani aliondoa utepe wa wino, herufi zikatoboa karatasi ya nta, kisha wino ukasukumwa kupitia matundu hayo kwenye mashine ya aina ya Gestetner. Mitihani ya wanafunzi wengi ilitokana na karatasi moja ya nta, nayo ikichanika, kazi ilianza upya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bonde hili limejifunza kwamba daftari nalo hupotea. Uvira ilitekwa vitani Oktoba 1996, na Aprili 2020 mto Mulongwe ukafurika na kuingia majumbani mwa watu. Nyumba inapoungua au kuzama, hati iliyokuwa na nakala moja tu inaondoka nayo.

Kompyuta ilitenganisha kuandika na kuchapa. Programu kama WordStar ya mwaka 1978, na Word ya Microsoft iliyoifuata mwaka 1983, ziliuweka ukurasa ndani ya mashine, ukaweza kusahihishwa kabla ya tone la wino kutumika. Mbegu ilikuwa imepandwa mapema katika maabara ya Xerox huko California. Gary Starkweather alitengeneza printa ya leza mwaka 1971, na mwaka 1974 wenzake Butler Lampson na Charles Simonyi wakaunda Bravo, programu iliyoonyesha kwenye kioo sura ileile itakayotoka kwenye karatasi. HP ilipotoa LaserJet mwaka 1984, ofisi ya kawaida nayo ikaweza kumiliki leza. Kaboni haikuwa na kazi tena, maana kila nakala ilitoka safi kama ya kwanza.

Bondeni, hata hivyo, leza ina adui, nao ni umeme. Leza hubandika unga wa wino kwa joto linalokaribia nyuzi 200, na linapopanda hilo joto, mashine huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo. Mto Ruzizi una mitambo ya umeme kule juu, ukiwemo Ruzizi II wa mwaka 1989 unaomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, lakini kupitiwa na mto si kufikiwa na waya. Anayetegemea sola au jenereta ndogo hufanya vizuri zaidi na printa ya wino wa maji, ambayo hutosheka na wati chache. Tangu Epson ianze kuuza printa zenye matangi ya kujazwa kwa chupa mwaka 2010, gharama ya ukurasa nayo imeshuka.

Usumbufu mwingine umetoka mbali zaidi. Ubelgiji iliukubali mfumo wa karatasi wa A4 mwaka 1924, kwa hiyo Kongo imezoea karatasi ya milimita 210 kwa 297. Programu kutoka Marekani mara nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa karatasi ya kwao, Letter, ya milimita 216 kwa 279: pana kidogo, fupi zaidi. Barua iliyopangwa kwa kipimo kimoja ikifunguliwa kwa kingine, mistari huhama na nafasi ya saini huweza kuangukia ukurasa wa pili peke yake. PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, ilibuniwa ili ukurasa usihame hata ukibadilisha mashine.

Leo mteja hutuma maandishi kwa WhatsApp, kijana huyapanga, mteja huondoka na karatasi. Faili hubaki kwenye kompyuta ya sekretaria, mali ya mtu mmoja ndani ya mashine ya mwingine. Karani wa serikali alikuwa na jalada na wajibu wa kulitunza. Mwenye kibanda hana wajibu huo, na virusi au diski mbovu vinaweza kufuta kila kitu kwa siku moja. Upande wa pili, faili halipokelewi kwa mwami. Waraka huwa waraka ukishasainiwa na kugongwa muhuri, kama ilivyokuwa enzi za taipureta. Kwa hiyo nakala halisi sasa ni mbili, moja ya kusahihishwa na moja yenye muhuri, na kila moja ina hatari zake. Anayelipia ukurasa aondoke nazo zote: karatasi mkononi, na faili kwenye flashi yake mwenyewe.