Usimbaji Fiche

Usimbaji fiche ni kuugeuza ujumbe kwa hesabu maalumu ili usomwe na mwenye ufunguo peke yake. Kitenzi chake ni kusimba, na kinyume chake kusimbua, kama ziba na zibua. Wenye televisheni wanakijua tayari kisimbuzi, kifaa kinachosimbua matangazo ya kulipia. Neno “fiche” ni la lazima, kwa kuwa usimbaji mtupu hutumika pia kwa uandishi wa programu, na si kila msimbo unaoficha siri.

Katika Masese na mitaa mingine ya mji wa Jinja, sawa na mji wa Mbale, mtandao wa nyumbani mara nyingi hutoka kwenye ruta ndogo yenye laini ya simu, au kwenye simu ya mmoja anayewagawia wenzake. Mawimbi hupenya ukuta hadi kwa jirani, hivyo kinachopita hewani sharti kisimbwe. Kiwango cha kwanza cha usimbaji fiche wa mawimbi hayo, WEP cha 1997, kilikuwa kimevunjwa kufikia 2001. WPA2 ilifuata 2004, na WPA3 mwaka 2018. Tofauti ya hivi viwili vya mwisho inazigusa hasa nyumba za kupanga. Katika WPA2 ya nyumbani, funguo za vifaa vyote huzalishwa kutokana na nywila moja. Mpangaji anayeijua, akinasa mwenzake anapojiunga, anaweza kuyasimbua mawasiliano yake. WPA3 imeuziba mwanya huo.

Kivinjari huongeza usimbaji fiche wa pili, HTTPS, unaoanzia ndani ya simu na kuishia kwenye seva. Mdukuzi wa jirani anaweza kujua tovuti iliyofunguliwa, lakini si nywila wala kiasi cha fedha kilichotumwa. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huitia alama kila tovuti isiyo na HTTPS kuwa si salama. Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, kwa upande wake, iliwapotosha wengi: ilithibitisha kwamba njia imefungwa, si kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, na tapeli naye hupata HTTPS bila malipo. Chrome iliiondoa 2023.

Mwenye ruta achague WPA3, au WPA2 ikiwa WPA3 haipo, na abadili nywila zote mbili za kiwandani: ya kujiunga na ya mipangilio. Masasisho ya ruta, simu na kivinjari yasiahirishwe. Kasoro ya WPA2 aliyoifichua mtafiti Mathy Vanhoef mwaka 2017 ilizibwa kwa masasisho, si kwa kubadili nywila.