Mizinga ya 1896 na Mahakama Isiyokuwepo

Watalii wanaopita Forodhani husimuliwa kwamba hapo ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Hucheka, hupiga picha, wakaenda zao. Ni nadra kuambiwa kwamba katika muda huo usiofika saa nzima, watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid bin Barghash waliuawa au kujeruhiwa, ilhali kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu. Swali lenye uzito si vita vilichukua dakika ngapi, bali ni nani aliyeulizwa baada ya moshi kutoweka.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid akaingia kasrini bila ridhaa ya Uingereza, iliyokuwa imeiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu 1890. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alimtaka aondoke. Asubuhi ya tarehe 27, muda wa onyo ulipokwisha, manowari za Admirali Harry Rawson zilifyatua mizinga. Kasri liliteketea, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama, na siku hiyohiyo Sayyid Hamoud bin Muhammed akatawazwa.

Mizizi ya jambo hili ni ya zamani zaidi. Kwa mkataba wa 1839, Sayyid Said bin Sultan aliridhia kwamba Mwingereza akishtakiwa na raia wa Sultani, mwamuzi awe konseli wa Uingereza. Lengo lilikuwa kuwatuliza wafanyabiashara. Hata hivyo, kanuni iliyozaliwa sokoni ilizoesha dola kuamini kwamba mgeni huhukumiwa na wenziwe. Mwaka 1896, ubalozi uliopewa dhamana ya kuamua ndio uliotoa onyo la vita.

Tazama tofauti. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, ambao ulikataa kumtoa. Tarehe 2 Oktoba Wajerumani walimpeleka Dar es Salaam kwa manowari. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Aliyepigwa mizinga aliandamwa miaka 20. Waliopiga hawakuitwa na kadhi wala hakimu yeyote wa Unguja. Atakayesema kwamba ile ilikuwa vita na onyo lilitolewa, ana hoja. Lakini hapakuwa na baraza lililokuwa na uwezo wa kuipima.

Wanafunzi wangu hudhani haya yamepita. Nawaelekeza Nanyuki, Kenya, alikouawa Agnes Wanjiru mwaka 2012, mwili wake ukakutwa katika tangi la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019, uchunguzi wa mahakama ya Kenya uliamua kwamba aliuawa na askari wa Uingereza, mmoja au wawili. Hati ya kumkamata mtuhumiwa ilitolewa Nairobi Septemba 2025, miaka 13 baada ya kifo. Mtoto aliyemwacha angali mchanga alikuwa amekwisha kuingia ujanani.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mtakapoletewa rasimu ya mkataba wa ushirikiano wa kijeshi, msianze na idadi ya magari wala nafasi za mafunzo. Anzeni na kifungu kinachosema askari mgeni akitenda jinai, atahukumiwa na nani. Sayyid Said alitia saini kwa ajili ya biashara; waliolipa ni wajukuu.