Uboreshaji wa klasta ya hifadhidata

Uboreshaji wa klasta ya hifadhidata ni kazi ya kubadilisha toleo la zamani la programu ya hifadhidata kwa toleo jipya kwenye kundi la kompyuta zinazotunza data kwa pamoja. Kwa kawaida hufanywa bila kusimamisha huduma. Kazi iliyo kinyume chake ni urejeshaji, yaani kurudi kwenye toleo la awali endapo toleo jipya litaleta matatizo. Kazi hizi mbili hupangwa pamoja tangu mwanzo, kwa sababu njia ya kurudi haibaki wazi muda wote: ipo hatua ambayo ikishapitwa, toleo la zamani haliwezi tena kusoma data iliyoandikwa.

Uboreshaji hufanywa ili kuziba mianya ya usalama, kurekebisha makosa ya programu, kupata uwezo mpya, au kwa sababu watengenezaji wameacha kuhudumia toleo la zamani.

Muundo wa klasta

Kila kompyuta katika klasta huitwa nodi. Data ileile huwekwa kwenye nodi zaidi ya moja, ili moja ikiharibika nyingine ziendelee kuwahudumia watumiaji. Hifadhidata nyingi za aina hii hukubali taarifa mpya pale tu zaidi ya nusu ya nodi zinazohusika zinapothibitisha kuipokea. Idadi hiyo ni akidi, sawa na akidi ya wajumbe katika kikao cha bodi ya shule: isipotimia, hakuna uamuzi unaopitishwa.

Klasta ya nodi 3 ina akidi ya 2, hivyo huvumilia kukosekana kwa nodi 1. Klasta ya nodi 5 ina akidi ya 3 na huvumilia kukosekana kwa nodi 2. Klasta ya nodi 4 pia ina akidi ya 3, kwa hiyo nayo huvumilia nodi 1 tu. Ndiyo maana idadi witiri hupendelewa kuliko idadi shufwa.

Mfano wa Nyanda za Juu Kusini

Tuchukue mfano wa kubuni wa klasta ya nodi 3 zilizoko Dar es Salaam, Iringa na Mbeya, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali kadhaa. Miji hii imeunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ni mtandao wa nyaya za fiba. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde, hivyo ujumbe unahitaji angalau milisekunde 8 kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa vifaa vya njiani.

Nodi ya Iringa ikizimwa ili iboreshwe, nodi za Dar es Salaam na Mbeya bado zinatimiza akidi na huduma inaendelea. Lakini katika muda huo klasta haina akiba. Umeme ukikatika Mbeya, au fiba ikikatwa kati ya Mbeya na Dar es Salaam, akidi inavunjika na klasta inakataa kupokea taarifa mpya. Data iliyokwisha kuandikwa haipotei, ila muuguzi aliye wodini hawezi kuingiza kipimo wala dozi mpaka nodi ya pili irudi. Kwa sababu hiyo taasisi ambayo huduma yake haiwezi kusimama huchagua nodi 5, ili nodi moja ikiwa kwenye uboreshaji bado nyingine moja iweze kuanguka bila madhara.

Maandalizi

Kabla ya kugusa nodi yoyote, msimamizi hukamilisha mambo yafuatayo:

- Kusoma maelezo ya toleo jipya, hasa vitu vilivyoondolewa na matoleo ambayo hayaruhusiwi kurukwa. Kwa mfano, etcd, ambayo hutumiwa na Kubernetes, huboreshwa hatua moja baada ya nyingine: kutoka 3.4 kwenda 3.5, si kutoka 3.3 moja kwa moja.
- Kuhakikisha nodi zote ni nzima na nakala zake za data zinalingana. Klasta inayoumwa haiboreshwi, hutibiwa kwanza.
- Kuchukua nakala rudufu na kuijaribu kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni tumaini tu.
- Kufanya zoezi zima, pamoja na kurudi nyuma, kwenye klasta ya majaribio yenye data inayofanana na ile halisi.
- Kuandika mapema dalili zitakazolazimu kusitisha kazi, na jina la mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Nakala rudufu na klasta ya majaribio zinapokuwa na taarifa za watu, nazo huhitaji ulinzi uleule wa data halisi. Nchini Tanzania jambo hili linaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Uboreshaji wa nodi moja baada ya nyingine

Njia inayotumika zaidi ni kuboresha nodi kwa zamu. Nodi huondolewa kwenye huduma, humaliza kuandika diskini data iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda, husimamishwa, huwekewa programu mpya na kuwashwa tena. Kisha husubiriwa mpaka ipokee taarifa zote zilizoandikwa ilipokuwa nje. Hapo ndipo nodi inayofuata huguswa. Katika MongoDB nodi saidizi huboreshwa kwanza, halafu nodi kuu hukabidhi uongozi na kuboreshwa mwisho.

Kosa la kawaida ni haraka. Nodi iliyowaka si lazima iwe imeshafikia wenzake. Msimamizi akizima nodi ya pili wakati ya kwanza bado inapokea taarifa zilizopita, akidi inaweza kuvunjika ingawa kwenye skrini nodi mbili zinaonekana ziko hai.

Katika kipindi ambacho nodi zina matoleo tofauti, kazi nyingine kubwa huahirishwa. Kwa Cassandra, kwa mfano, hushauriwa kutobadilisha muundo wa majedwali na kutoongeza nodi mpaka nodi zote ziwe toleo moja.

Mpaka wa kurudi

Programu mpya inaweza kuandika data kwa umbo ambalo programu ya zamani haielewi. Kabla ya hapo, kurudi ni rahisi: nodi moja moja huwekewa tena toleo la awali. Baada ya hapo, njia iliyobaki kwa kawaida ni kurejesha nakala rudufu, na kila kilichoandikwa tangu nakala hiyo ichukuliwe hupotea au huhitaji kuingizwa upya.

Baadhi ya hifadhidata humpa msimamizi uwezo wa kuchelewesha mpaka huo. CockroachDB ina mpangilio unaozuia uboreshaji usikamilishwe wenyewe hata kama nodi zote zina programu mpya. MongoDB hutenganisha toleo la programu na toleo la uwezo unaoruhusiwa kutumika, na la pili hupandishwa kwa amri yake. Muda wa kusubiri hupaswa kupitia siku zenye kazi nyingi, kwa sababu kasoro nyingine hazionekani usiku wa manane watumiaji wakiwa wachache.

Programu zinazotumia hifadhidata nazo hufuata kanuni hiyo. Safu mpya huongezwa kwenye jedwali kwanza. Safu ya zamani hufutwa baadaye sana, baada ya kuthibitika kwamba hakuna anayeihitaji.

Matukio yanayojulikana

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa makosa data kwenye seva kuu ya hifadhidata. Ilipotafutwa nakala rudufu ya kawaida, iligundulika kuwa haikuwa ikifanyika: chombo cha kunakili kilikuwa cha PostgreSQL 9.2, ilhali hifadhidata ilikwisha kuwa 9.6. Data ya takriban saa 6 ilipotea.

Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano kati ya vituo viwili vya GitHub nchini Marekani yalikatika kwa sekunde 43 wakati wa matengenezo ya vifaa vya mtandao. Uongozi wa hifadhidata ulihamia pwani ya magharibi, na kila upande ukabaki na taarifa ambazo mwingine hauna. Wahandisi hawakuweza kurudi walikotoka bila kupoteza data ya watumiaji, wakachagua kuilinda data. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Mwezi Machi 2022 watengenezaji wa etcd walitangaza kwamba matoleo ya 3.5.0 hadi 3.5.2 yasitumike kwenye kazi halisi, kwa kuwa yangeweza kuzifanya nodi zitofautiane kimyakimya. Tukio hilo hutajwa kuwa sababu ya kutokimbilia toleo la kwanza la mfululizo mpya.

Uchaguzi wa wakati

Uboreshaji hupangwa wakati wa matumizi madogo, lakini wafanyakazi wakiwa macho na wa kutosha. Kwa taasisi za Mbeya na Iringa, siku za kuepuka ni pamoja na mwisho wa mwezi mishahara inapolipwa, siku za kufungua shule, na msimu wa mavuno ya mahindi ambapo malipo kati ya wakulima na wafanyabiashara huongezeka. Betri za akiba na jenereta hukaguliwa kabla. Nodi ya mji wenye tatizo la umeme au fiba siku hiyo haiguswi, na nodi za miji mingine nazo haziguswi mpaka tatizo hilo liishe.